Hakuna Aliyekufa Maji

Ilemela, Mwanza
Alhamisi, wiki ya pili ya Kwaresima

Kwa kaka yangu Alexander,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba yule mdogo ameshapona kikohozi alichoondoka nacho baada ya Krismasi. Sisi huku tunapumua. Baba ni mzima wa mwili. Presha yake naipima mwenyewe kila asubuhi kabla sijaenda kufungua duka langu la dawa, na chakula anakula, ingawa siku hizi anakigusagusa tu. Nasema tunapumua kwa sababu zimepita siku hapa ambazo sikuwa na hakika kwamba baba yetu angefika Pasaka.

Utashangaa kuniona nakuandikia kwa karatasi, watu wazima na simu zetu. Sababu ya kwanza, simu yangu huipokei tangu alipozikwa Maige. Sababu ya pili, karatasi haisambazwi kwa kubonyeza kidole. Nampa Sharon, binti wa shangazi, akukabidhi mkononi huko Dar. Isome ukiwa umekaa, na wifi asikusomee begani.

Msiba wa Maige ulikufikia, maana mchango wako tuliuona, ingawa sauti yako hatukuisikia. Ila hujui alivyokufa, kwa hiyo nitakueleza. Rafiki yako huyo, uliyekuwa ukipanda naye miamba ya nyuma ya nyumba na kurudi magoti yanavuja damu, aliingia ziwani alfajiri na mtumbwi wake uleule, peke yake. Wenzake waliokuwa mbele wanasema walimwona anachota maji na kuyamwaga, anachota na kumwaga, halafu wakamwona amesimama anapunga shati. Walipogeuza na kufika, palikuwa na ndoo tu inaelea. Tulimpata upande wa Igombe. Rose, mkewe, ana mimba kubwa ya mtoto wa tatu.

Kabla hata hatujamzika, kile kipande cha video kilikuwa kimeshaingia kwenye kila simu ya Ilemela. Nadhani na wewe umekiona. Ni baba, amevaa kanzu na ile shali nyekundu, nywele nyeupe kabisa, nyuma yake maji. Picha ina mikwaruzo na rangi iliyofifia ya mikanda ya zamani. Anaitazama kamera moja kwa moja na kusema kwa ile sauti yake ya Pilato wa Ijumaa Kuu: "Wewe wa nyota ya Nge, maji yanakujua kwa jina. Usiyasogelee mpaka mwezi uandame mara mbili." Basi. Hakuna jina la filamu, hakuna muziki, hakuna mwanzo wala mwisho. Maige mwenyewe ndiye aliyekirusha kwenye kundi la wavuvi muda kabla hajafa, akiandika tu kwamba watu wa Nge wajihadhari. Alizaliwa Novemba, na wenzake wote walilijua hilo.

Unajua jinsi habari inavyotembea mtaani kwetu. Asubuhi ilikuwa mzee Kahigwa alitabiri. Mchana ikawa mzee Kahigwa alimtabiria. Jioni ikawa mzee Kahigwa alimtengeneza. Watu waliomwamkia baba miaka yote walianza kuvuka barabara wakimwona. Pale dukani kwangu mama mmoja alirudisha dawa ya minyoo aliyokwisha kuilipia, akaniambia taratibu, bila ugomvi, kwamba amebadili mawazo. Jiwe la kwanza lilitua juu ya bati wakati tunasali rozari. Baba akaendelea na fumbo lililofuata.

Siku ya tatu baada ya mazishi akaja Ngosha, kaka yake Maige, na wanaume kadhaa wa jeshi la jadi, wale wanaolinda mtaa. Hakuja kwa fujo, kaka, na hilo ndilo lililonitisha. Alimwamkia baba vizuri, akakaa kwenye kiti alichopewa, akakataa maji. Alisema yeye hana shahidi wa kwenda naye polisi, na hataki kumwaga damu ya mtu aliyemfundisha baba yake mdogo kusoma. Lakini tanga la Maige halijaanuliwa, wanasubiri ndugu wa Bariadi. Siku ya kuanua tanga, alisema, mzee asiwepo Ilemela. Akikutwa, yeye Ngosha hatawashika vijana mikono. Kisha akaaga kwa heshima zote. Nilimsindikiza hadi barabarani.

Nilimgeukia baba kwa hasira. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia yule mtu kwamba hiyo ni filamu, filamu ya miaka ile, mbona nusu ya parokia ilicheza. Baba alikuwa anapunguza majani ya migomba yake miwili ya uani. Alinijibu kwamba kama naona itasaidia, niwaambie mimi. Nikadhani ni kiburi cha Kihaya. Nilimnunia siku nzima, na leo ninaiona aibu yake.

Maana mimi sikuwa na shaka hata kidogo kwamba ile ilikuwa *Mnajimu wa Kirumba*. Wewe ulikuwa darasa la sita, mimi la nne, na utakumbuka zaidi yangu. Marehemu Elias, aliyekuwa akipiga video za harusi, aliamka siku moja akasema naye atatengeneza filamu, tena ya mauaji. Baba akapewa unajimu kwa sababu ya sauti yake, na kwa kuwa hakuwa mzee wakampaka unga wa muhogo kichwani na kwenye ndevu. Damu ilikuwa juisi ya rozela. Kisu kilikuwa rula ya shule iliyofungwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara. Mnajimu anawasomea watu nyota zao, wanakufa mmojammoja, mpaka inspekta, ambaye alikuwa katekista wetu ndani ya koti la mlinzi, anagundua kwamba mnajimu anawaua mwenyewe ili utabiri wake usionekane uongo. Tuliitazama ukumbini mwa parokia, tukavunjika mbavu. Baada ya hapo watu walikuwa wakimsimamisha baba sokoni wasomewe nyota, naye anawatajia saa ya misa ya kwanza.

Nikasema dawa ya maneno haya ni moja tu: watu waione filamu yenyewe, nzima, na huo unga kichwani. Mama Tereza, mwenyekiti wa mtaa, aliniunga mkono. Alisema polisi anaweza kuwaita hata leo, lakini polisi watakuja na kuondoka, na mtaa utabaki palepale. Akazungumza na Ngosha. Ngosha alikubali kuja kutazama, akaongeza kwamba yeye anataka kuyasikia maneno yale kwa masikio yake ndani ya filamu. Asipoyasikia, neno lake la mwanzo linabaki vilevile.

Mkanda ulikuwa umebaki mmoja, kwa Evelina, mjane wa Elias, aliyerudi kwao Nansio. Nilipanda meli kwenda Ukerewe na roho mkononi, namfikiria baba nyumbani peke yake. Evelina sasa anauza vitenge, amenenepa, anacheka kwa mwili wote. Mkanda aliutoa kwenye sanduku la harusi za watu, umeviringishwa kwenye khanga. Sikuhitaji hata kumbembeleza. Alisema yeye ndiye maiti ya kwanza ya filamu hiyo, nyota ya Mizani, na maiti haina budi kwenda kutoa ushahidi. Alifunga duka lake tukarudi pamoja. Ndani ya meli nilimwonyesha kile kipande kwenye simu. Alikitazama mara mbili, akanirudishia simu, akageukia dirisha. Nikadhani mawimbi yanamchafua moyo, maana ziwa siku hiyo lilikuwa baya.

Tuliionyesha kwenye kile kibanda ambamo vijana hutazama mpira. Mwenye kibanda alitafuta deki ya zamani akaipata kwa fundi. Watu walijaa mpaka wengine wakachungulia kwa nje kwenye matundu ya mabati. Baba alikaa mbele, kofia magotini, shingo wima. Ngosha alisimama mlangoni na wenzake, na mimi nikajua kwamba kama mambo yataharibika, kutoka hapo hakuna njia nyingine.

Mwanzoni palikuwa na kimya cha msibani. Kisha maiti ya Evelina ikajikuna. Unakumbuka? Amelala na rula imesimama kwapani, tumbo linapanda na kushuka, na mara mkono unakwenda polepole kujikuna goti. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia, akashindwa. Evelina akanyanyuka katikati ya watu, akasema kwa sauti kwamba maiti ni yeye, na aliyemuuma alikuwa siafu. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kuku akapita mbele ya inspekta, wakacheka. Aliyekufa kwa nyota ya Simba akarudi kama tarishi mwenye masharubu ya mkaa, wakapiga meza. Nilimtazama baba, nikaona mabega yake yameshuka kidogo. Nilimtazama Ngosha. Ngosha hakucheka hata mara moja. Alikuwa anasikiliza.

Tukafika mwishoni, mnajimu amesimama mbele ya wateja wake, shali nyekundu begani. Alifungua mdomo kusema, na hapo mkanda ukaharibika. Chenga tupu, na sauti ya mafuta yanayokaanga. Mwenye kibanda alipiga deki makofi, akarudisha nyuma, akajaribu tena, chenga. Picha iliporudi, katekista alikuwa ameshamfunga baba pingu za kamba. Ngosha akauliza kutoka mlangoni, taratibu tu, maneno yako wapi.

Nilisimama. Nilisema yalikuwa hapohapo palipoharibika, kwamba nimeiona filamu hii nikiwa mtoto na nayakumbuka, na kwamba aliyetengeneza kipande kile alikikata hapo kabla mkanda haujaharibika. Niliyasema kwa moyo wangu wote, kaka, kwa sababu niliamini. Ngosha akamgeukia Evelina. Evelina alinitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akasema ndiyo, ni hapo. Mume wangu aliipiga mbele ya macho yangu, ni hapo.

Ngosha alipita katikati ya watu mpaka mbele. Alipiga goti moja, akampa baba mikono yote miwili, akamwomba msamaha mbele ya mtaa. Akasema siku ya tanga mzee aje akae na wazee wa ukoo, na kwamba atakayerusha jiwe tena amerusha kwake. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nililia hadi kwikwi. Baba aliipokea mikono ya Ngosha, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeongezewa mzigo.

Kesho yake nilimsindikiza Evelina bandarini. Tukiwa tumekaa kwenye mabenchi tunasubiri meli, alinishika mkono akaniambia jambo. Mwanangu, alisema, katika filamu yetu hakuna aliyekufa maji. Elias alitaka sana, lakini mvuvi wa kutuazima mtumbwi hakupatikana, wote waliogopa tutauzamisha. Wa nyota ya Nge alikufa kwa chai yenye sumu, sebuleni kwangu. Aliniambia alisema uongo pale kibandani kwa sababu aliona watu waliosimama mlangoni, na kwa sababu angependa kumwona baba yenu akifa kwa uzee. Akapanda meli yake.

Nilibaki palepale kwenye benchi. Nilitoa simu, nikakifungua kile kipande, nikakisimamisha, nikaanza kukivuta kwa vidole kidogokidogo. Unga haupo. Zile mvi ni za baba mwenyewe, za leo. Na juu ya bega lake la kulia, ndani ya ile mikwaruzo, kuna mstari mweupe mwembamba unaokata maji. Kwenye simu ndogo unaona kama mkwaruzo mwingine. Ukiukuza unaona nguzo zake, moja, ya pili, ya tatu. Ni daraja, kaka. Ni daraja jipya la Busisi, ambalo wakati wa filamu ya Elias halikuwepo hata kwenye ndoto ya mtu. Na mimi nakumbuka vizuri ni nani aliyempeleka baba Busisi siku mbili baada ya Krismasi ili akalione daraja, wakati mimi nimebaki nakaanga samaki wenu.

Sikumkasirikia baba tena. Nilimkalisha, nikamwonyesha nguzo, nikamwambia sasa sema. Alisema mlisimama kando ya barabara mnakula mahindi ya kuchoma. Wewe ulikuwa umeikuta ile shali kabatini ukaibeba, ukamvisha kwa utani, ukamwomba akutolee mnajimu kidogo kama zamani. Alifurahi. Alisema tangu mama afariki hakuna aliyewahi kumwomba aigize chochote. Maneno ya maji aliyatunga palepale kwa kuwa ziwa lilikuwa mbele ya macho yake. Ukampiga video, ukaiwekea hiyo mikwaruzo ya kwenye simu, mkacheka, na ukasema: hii namtumia Maige, yule Nge mwoga.

Nafahamu ulikuwa utani. Mmekuwa mkitaniana hivyo tangu mnaota meno ya pili, na yeye angekufanyia vilevile. Ningeishia hapo, ningekukaripia kama dada anavyoweza kumkaripia kaka, tungesameheana. Lakini jana nilikwenda kushinda na Rose msibani, na Rose amesema jambo ambalo ni lazima ulibebe na wewe, maana mimi peke yangu siwezi.

Maige hakulidharau neno la baba. Alimwambia mkewe kwamba anajua ni michezo, lakini mzee ni mzee, na kukaa nchi kavu kidogo hakumuui mtu. Akauvuta mtumbwi juu ya mwamba, akaufunika kifudifudi, akawa anafanya vibarua vya kubeba mchanga. Alisubiri mwezi uandame mara mbili, kama alivyoambiwa. Jua lote lile la Januari mtumbwi ulikuwa mwambani. Wewe ni mtoto wa ziwani, sina haja ya kukufundisha kinachotokea kwenye mbao zikikosa maji muda wote huo: zinakauka, zinaachana. Mtumbwi ulipaswa kushindiliwa pamba upya kila kiungo na kulowekwa ufukweni kabla ya kupakia nyavu. Rose anasema alimkumbusha. Maige alijibu kwamba siku zake za kujificha zimeisha na nyumba haina mboga, pamba ataiweka akirudi. Mwezi ulikuwa umeandama jana yake.

Kwa hiyo hakufa kwa sababu alilipuuza neno lenu. Alilitii. Rose hajui neno lilitoka wapi. Anakaa pale kwenye mkeka na tumbo lake, anauliza kila anayeingia ni nani aliyemtia mume wake woga. Aliniuliza na mimi. Nilimpa uji, nikasema anywe usipoe.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Tanga linaanuliwa Jumamosi ya wiki ijayo. Baba ameniambia kwamba atakwenda, atakaa na wazee alipopangiwa, na ukifika wakati wa ndugu kusema, atasimama. Atasema maneno yale ni yake, ameyatunga yeye, si ya filamu, na kwamba mimi na Evelina tulisema tusilolijua. Nilimwuliza kama atataja ni nani aliyempiga picha na ni nani aliyeituma. Alisema hapana. Atasema ni yeye. Nilimkumbusha Ngosha aliahidi nini siku ile ya kwanza. Alisema anakumbuka. Nilimpigia magoti, kaka, mimi ambaye hata kanisani napiga kwa shida. Akaniambia ameshaishi vya kutosha, na wewe una watoto wadogo.

Ndiyo maana alinyamaza wakati wote ule mawe yanalia juu ya bati. Mimi nikiita kiburi, yeye alikuwa amesimama mbele yako.

Sikupangii la kusema kwa Rose wala kwa Ngosha. Sina hakika Ngosha atafanya nini akisikia, na nikisema siogopi nitakuwa nakudanganya. Mama Tereza nimemweleza yote leo asubuhi. Atakuwa pale, na atakaa katikati. Ninachojua ni kwamba neno lile likitoka kwako, rafiki wa marehemu, ukilia na kuomba msamaha, linaweza kusikika kama lilivyokuwa, utani wa watu wawili waliopendana. Likitoka kwa baba litakuwa la mnajimu.

Salamu nyingi kwa wifi, mwambie vile vitenge alivyovipenda nimempatia kwa Evelina, viko kabatini. Watoto wabusu, huyo mwenye kikohozi apewe asali na mvuke, antibayotiki za ovyo asipewe. Shangazi anawasalimu, na majirani wameanza tena kusalimia.

Baba naye ameniagiza nikuandikie kwamba yeye hajambo, mvua zimeanza vizuri, migomba yake imeshika, na usijisumbue kuja. Basi, nimekuandikia kama alivyoniagiza.

Njoo, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Odeta Kahigwa